Ushauri kwa mnaoanza kuusoma Mto Mackenzie

Kabla ya kukariri matawi ya Mto Mackenzie wa Kanada, jueni maji yake yanaelekea wapi. Yanatoka Ziwa Great Slave, yanakwenda kaskazini-magharibi na kuingia Bahari ya Aktiki. Sisi tuliokulia karibu na Rufiji au Tana huuliza mvua imenyesha wapi. Kule ulizeni joto limefika wapi.

Chukueni mwezi wa Mei. Kusini theluji inayeyuka na maji yanashuka kwa nguvu, hasa kupitia Mto Liard, unaoingia Mackenzie pale Fort Simpson. Kaskazini mto bado umeganda. Mabamba ya barafu yanasukumwa, yanapandiana, yanakwama kwenye kona na kati ya visiwa, na maji yaliyo nyuma yanapanda haraka. Mei 2021 wakazi wa Fort Simpson walihamishwa kwa sababu ya mafuriko ya namna hiyo. Ukiwa na ramani bila kalenda, huwezi kuyaeleza. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, na nasikitika kuona mara nyingi linafundishwa mwishoni.

Kalenda hiyohiyo inaeleza usafiri. Kwenye barabara ya Dempster, pale Tsiigehtchic, kiangazi watu huvuka kwa kivuko na majira ya baridi huendesha magari juu ya barafu. Barafu inapovunjika, na tena inapoanza kuganda, hakuna njia ya kuvuka kwa gari. Daraja la Deh Cho, karibu na Fort Providence, limeondoa tatizo hilo upande wa juu wa mto, karibu na ziwa, tangu 2012.

Kuhusu urefu, mtakuta kilomita 1,738 na pia 4,241. Zote ni sahihi: ya kwanza inaanzia ziwani, ya pili inapanda hadi chanzo cha Mto Finlay kwa kupitia mito ya Slave na Peace, inayoleta maji ziwani. Andikeni daima mmeanzia wapi. Na mkikutana na jina Dehcho katika maandishi ya Wadene, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ni mto huohuo.

Mkifika delta, karibu na Inuvik, msiyahesabu mafuriko kuwa hasara tu. Kuna maelfu ya maziwa madogo, na yale yaliyoinuka juu ya usawa wa mto hupata maji mapya pale tu barafu inapokwama na kuyapandisha. Mwaka ambao barafu inapita kimya, maziwa hayo hupungua.