Je, paka wangu ananipenda, au anapenda dagaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga paka jike niliyemchukua akiwa mdogo, miaka minne iliyopita. Nirudipo kazini hunipokea mlangoni mkia ukiwa wima, akijisugua miguuni mwangu na kulia, na usiku hupanda kifuani akanikanda kwa nyayo za mbele kama mtu anayekanda unga wa chapati. Mume wangu anasema paka hana mapenzi, ana njaa tu. Je, ananionaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, njaa ipo, na harufu ya dagaa humwita paka yeyote mlangoni. Hata hivyo, hayo uliyoyaeleza yana asili ya ndani zaidi. John Bradshaw, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza, aliyewachunguza paka kwa miaka mingi, anaona kwamba paka hana adabu maalumu aliyoitenga kwa ajili ya binadamu, bali hututendea yale yale anayowatendea paka wenzake. Mkia wima ni salamu kwa anayemwamini. Kukanda alikuanza alipokuwa akinyonya, akibonyeza tumbo la mama yake ili maziwa yatoke, na hata kile kilio ni cha mtoto kwa mama, kwa maana paka wakubwa ni nadra kuliliana hivyo wao kwa wao. Basi anayepanda kifuani pako usiku anakuona kuwa jamaa yake, na kwa kiasi fulani mama yake.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani waliwaweka watoto wa paka pamoja na wenyewe katika chumba kigeni, kisha wenyewe wakatoka kwa dakika mbili na kurudi. Takriban 64 kwa kila 100 walitulia walipowaona, wakaendelea kukikagua chumba bila hofu, jambo ambalo mimi siwezi kuliita njaa.

Akikutazama kwa utulivu, fumba macho polepole, kisha uyafumbue. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka hujibu kwa kufumba yake, na humsogelea kwa urahisi zaidi hata mgeni aliyefanya hivyo. Mwombe mumeo naye ajaribu, akiwa hana chakula mkononi.