Kabla hujamlipa dalali wa tano

Pole dada kwa kuzungushwa. Unasema madalali wanne wamekula elfu kumi kumi yako ya kuonyeshwa chumba na sebule Sinza, hapa Dar, na kila ukifika unaambiwa "kimechukuliwa jana". Hakikuchukuliwa jana, hakikuwepo. Hiyo hela ya kuonyeshwa ndiyo biashara yao. Tafuta dalali anayekubali kusubiri malipo yake, yaani kodi ya mwezi mmoja, hadi upate chumba.

Ukikipata, usidanganywe na rangi. Mimi nilipanga Tabata wakati wa kiangazi, vigae vinang'aa. Masika ilipoanza maji yakafika kwenye godoro, ndipo nikauelewa ule mstari wa kahawia niliouona ukutani nyuma ya mlango. Waulize majirani, hasa mama anayekaanga vitumbua pale nje, maana yeye hana cha kukuuzia zaidi ya vitumbua. Uliza pia kama LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia. Ukichangia na mwenye saluni, utalia.

Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni kawaida ya Dar, ila omba mitatu. Chumba kikikaa wazi muda mrefu, wenye nyumba hulegea. Hela mpe mwenye nyumba mwenyewe, mkishasaini mkataba, si dalali. Na kabla ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani. Chumba kimoja kupangishwa watu watatu siku moja si hadithi, jirani yangu alikutana na wenzake wawili mlangoni, kila mmoja na kitanda chake kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.