Barua kwa Mwanangu: Mtumbwi wa Babu Yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni kweli babu yako mzaa baba ndiye aliyeuunda ule mtumbwi wa mbao na turubai aliokurithisha, kama tulivyosikia kila kiangazi pale ziwani, jimboni Maine, Marekani. Si yeye. Lakini mikono yake imo, nimeiona.

Jumamosi niliingia bandani na tochi. Mimi ni mjukuu wa fundi wa vyombo, basi nilianzia omo, yaani sehemu ya mbele. Ndani, kwenye ule mti wa omo karibu na sakafu, hapakuonekana kitu ila vanishi iliyokolea. Nikaulaza mwanga ubavuni, nikaweka karatasi nyepesi, nikasugua taratibu kwa penseli. Tarakimu zikatokea mojamoja, kisha pengo, kisha 17. Hiyo 17 ni urefu kwa futi. Tezi, yaani nyuma, nayo ina namba ileile. Ndiyo alama ya kiwanda cha Old Town, kando ya mto Penobscot.

Pale kila mtumbwi uliandikiwa kadi, na kadi za tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bado zipo. Nilipeleka namba, nikaletewa nakala ya kadi yetu, imeandikwa kwa mkono: siku ya kupigiliwa mbao, siku ya kuvishwa turubai, rangi, vanishi, na ulikopelekwa. Ni modeli ya Otca, wa kijani, ukaenda Boston. Babu yako alikuwa hajazaliwa.

Na umbo lenyewe ni la zamani kuliko kiwanda. Wapenobscot, wenyeji wa asili wa huko, waliunda mitumbwi ya gome la mti wa mbetula: gome kwanza, mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, baadaye. Turubai liliposhika nafasi ya gome, kazi iligeuzwa. Mataruma ya mwerezi hulainishwa kwa mvuke, hupindwa juu ya kalibu, yaani umbo la kufuatisha, yenye mikanda ya chuma, mbao hupigiliwa, na turubai huja baada ya hapo. Msumari wa shaba ukigonga ule mkanda, ncha yake hujikunja na kurudi ndani ya mbao.

Sumaku haishiki shaba, ila chuma; hapo ndipo nilipokumbuka ile ya kwenye friji. Nikaipitisha juu ya misumari, taruma baada ya taruma, haikushika. Ilipofika la saba, ikanasa. La nane, ikanasa. La tisa pia. Misumari ya chuma, kila kichwa kimezungukwa na doa jeusi. Mataruma hayo matatu ni mapana kidogo kuliko wenzake, na kwenye ubavu wa la nane pana mstari wa kalamu ya seremala na herufi mbili za jina la babu yako. Mwanangu, nilikaa sakafuni nikalia.

Fundi atakuambia ayang'oe. Mkatalie. Misumari abadilishe, aweke ya shaba, maana kutu inakula mbao, lakini mataruma yabaki. Na usipige msasa mkavu kwenye ile rangi ya zamani: rangi na kijazio cha kuziba nyuzi za turubai enzi zile vilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Karatasi ya penseli iko ndani ya bahasha hii. Nakuja Agosti, wale nzi weusi wanaouma wakishapungua. Usianze bila mimi.

Mama yako