Okidi ya porini haitambuliki kwa rangi, geuza ua uone mgongoni

Juzi msomaji kanitumia picha ya ua la pinki kalipiga kutoka juu akiwa kasimama, anauliza "kaka hii okidi gani?" Nikamwambia kwa picha hiyo siwezi kusema, naona kanuna. Jamani, wote tunaopenda maua tunataka jina haraka, lakini okidi haitaki haraka.

Kule Kitulo, kusini mwa Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, okidi zinachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Msimu mmoja nilipanda na wageni, mmoja wao ana kamera ya maana, akatazama ua akasema hiyo ni Disa. Nikasema hapana, ni Satyrium, ukoo mwingine wa okidi. Akaniuliza mbele ya watu, wewe botania umesomea wapi? Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Sikubishana, nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, vile vimaua vimebanana kwenye bua kama punje kwenye gunzi la muhindi, nikageuza kimoja taratibu bila kukichuma. Nyuma vinaning'inia vimkia viwili, vyembamba, vimelala sambamba. Watu wote wakaviona. Yeye akafunga kamera akaenda zake, hata samahani hakusema, ila mimi siku ile nilitembea kifua mbele.

Basi shika hivi. Vimkia viwili nyuma ya ua, hiyo Satyrium. Kimoja kinachotokea kwenye ile kofia ya juu, Disa. Kimoja kinachotokea kwenye mdomo wa chini, na ua la kijani au jeupe, anza kufikiria Habenaria. Hapo umepata ukoo tu, aina yenyewe inataka majani, urefu wa vimkia na mahali mmea ulipoota, kwenye tope au pakavu. Kwa hiyo piga mbele, piga ubavuni, piga nyuma, piga na majani ya chini. Nyuma usisahau, nyuma!

Na tafadhali usichimbe. Viazi vya okidi hizi vinachimbwa sana, vingine vinavushwa hadi Zambia kupikwa chikanda, chakula chao cha viazi hivyo, na ukishang'oa kile kiazi kipya kigumu mmea ndo umekwisha. Ukiposti picha zako taja mkoa inatosha, ramani ya mahali penyewe usiweke, wachimbaji nao wana simu.