Shangazi Uwanjani: Kisahani hakina neno, hema ndilo lina neno

SWALI: Habari yako, Shangazi. Sisi ni vijana wa Lang'ata tunaocheza gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kikapuni kwa mitupo michache iwezekanavyo. Tuna vikapu tisa vya kubeba, vile vya minyororo, na tumeomba uwanja wa shule fulani tuandae mashindano ya watu 36 mwezi wa Aprili. Mwalimu mkuu hana ubaya, ila ametoa sharti: tumpe kwanza mpango wa maandishi wa jinsi tutakavyoendesha mashindano hayo kukiwa na ugonjwa unaoenea kama Korona ya 2020. Niliandika: "Watu wavae barakoa, wanawe mikono, wasikaribiane." Akanirudishia karatasi akisema hilo ni bango la mlangoni pa supamaketi, si mpango. Niandike nini? – Kocha, Lang'ata

JIBU: Kocha, huyo mwalimu nimempenda hata kabla sijamwona. Nilifanya kazi ya afya ya umma hapa jijini miaka 22 kabla ya kustaafu, na mabango ya aina hiyo nimeyabandika mengi kuliko nywele zangu nyeupe. Bango halimwambii mtu asimame wapi saa mbili asubuhi.

Nianze na habari njema. Mchezo wenu wenyewe una hatari ndogo sana. Watu watatu wanne wako nje, upepo unapita, kila mmoja ana visahani vyake, na anayerusha husimama peke yake kwa sababu hakuna anayetaka kupigwa kichwani. Virusi vya Korona husafiri zaidi kwa hewa, mtu anapopumua, kuongea au kuimba karibu na mwenzake, na hujikusanya palipofungwa. Kwa hiyo usimalizie wino wako kwenye kikapu. Andika kuhusu mahali watu wanaposimama pamoja: mezani pa kujiandikisha, kwenye chai, kwenye zawadi, na kwenye mvua.

Nataja mvua kwa sababu iliniumbua mimi mwenyewe. Novemba 2020 tulikuwa 14 kwenye mazoezi ya Jumamosi. Asubuhi nzima niliwapigia watu kelele wakae mita mbili mbili, hata kijana mmoja akaanza kuniita Mama Futi Kamba. Saa tano wingu likapasuka. Nikawaingiza wote kwenye darasa moja, madirisha tukafunga kwa sababu ya rasharasha, barakoa zimelowa zikatiwa mifukoni, na vijana wakaanza kuimba. Dakika arobaini. Jumatano mmoja akanipigia simu akasema chai haina harufu. Kufikia Jumapili walikuwa watano. Wote walipona, namshukuru Mungu, lakini afisa wa afya mstaafu ndiye aliyefunga madirisha yale kwa mkono wake.

Sasa wewe unataka kucheza Aprili, katikati ya mvua za masika. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wako uwe wa mvua. Hema likiwepo, liwe paa tupu bila pazia za pembeni, na liwe la meza ya waandalizi tu. Kila kundi la wachezaji lipangiwe baraza lake la darasa kabla ya siku yenyewe: kundi la kwanza baraza la darasa la nne, la pili darasa la tano, na kuendelea. Mvua tupu ni baraza, si ndani. Radi ikianza kunguruma mchezo usimame papo hapo, maana uwanja wazi ni hatari, na hapo ndipo watu hukimbilia paa la karibu bila kufikiri. Baraza halizuii radi, kwa hiyo hapo kila kundi liingie ndani ya darasa lake peke yake, madirisha wazi. Filimbi ikilia, kila mtu awe anajua paa lake.

Ukurasa wa pili ni wa saa. Najua mnavyopenda kuanza: kila kundi kwenye kikapu chake, honi inalia, wote mnarusha kwa pamoja. Vikapu tisa mara watu wanne ni 36, hesabu inapendeza, na ndiyo mtego wenyewe. Watu 36 watafika pamoja, watasubiri pamoja, watamaliza pamoja na kubanana kwenye matokeo pamoja. Waachie kwa zamu badala yake. Lakini ukiwapanga wote 36 kwa makundi ya watatu, kila baada ya dakika 12, kundi la mwisho litaondoka saa mbili na dakika 12 baada ya la kwanza. Wakati huo la kwanza limeshamaliza vikapu tisa na linarudi kuanza mzunguko wa pili, maana kila kundi huzunguka mara mbili, na kikapu namba moja kina foleni kama ya Huduma Centre.

Igawe siku mara mbili. Watu 18 asubuhi, makundi sita ya watatu: la kwanza liondoke saa 1:30, la mwisho saa 2:30. Vikapu tisa huchukua kama dakika 80, kwa hiyo la kwanza likirudi saa 2:50 litakuta njia nyeupe. Kufikia saa 5:10 hivi zamu ya asubuhi imekwisha na watu wameondoka. Zamu ya pili ianze saa sita kamili, na kundi lake la mwisho litoke saa saba. Mambo yakienda sawa mtakunja vikapu kabla ya saa kumi. Mwambie kila mchezaji afike dakika 20 kabla ya saa yake, asiwahi zaidi ya hapo. Najua kumwambia Mnairobi asiwahi ni maneno ya bure, lakini wako wachache wa kutoka kanisani ambao hufika alfajiri.

Mengine ni mepesi. Ada ilipwe kwa M-Pesa kabla ya siku hiyo, kusiwe na noti wala chenji mezani. Maelezo ya sheria yatumwe kwa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp usiku wa kuamkia mashindano, na hapo hapo kila mtu ajibu: una homa, kikohozi, koo linawasha, au unaishi na mgonjwa? Mimi nayaamini majibu hayo kuliko ile bunduki ya kupima joto kwenye paji la uso. Asubuhi ya baridi ya Nairobi ile bunduki ilikuwa ikinisomea nyuzi 34, yaani mimi ni maiti inayotembea, na aliyeambukizwa lakini hana homa anapita akitabasamu.

Alama: ondoa kadi ya karatasi na kalamu inayozunguka. Wawili katika kila kundi waandike kwenye simu zao, kwa programu kama UDisc au hata kwenye ujumbe wa kawaida, na kila mtu ataje mitupo yake kwa sauti akiwa amesimama alipo. Wakitofautiana, wasuluhishe kabla ya kikapu kinachofuata.

Kila mtu aokote kisahani chake, na wasogelee kikapu mmoja mmoja. Hili ndilo litakalokusumbua kuliko yote, kwa sababu sisi tumelelewa kumwokotea mwenzetu. Utamwona kijana anainama, anakumbuka, anabaki ameinama hajui afanye nini na heshima yake. Mwambie hilo si kosa la kufukuziwa mtu. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kuwa kugusa kitu chenye virusi vya Korona kuna uwezekano wa kuambukiza ulio chini ya 1 kati ya 10,000 kwa kila mguso. Kilichonifanya nikaze sheria hiyo ni pale kikapuni: vichwa vitatu vinainama pamoja, vinacheka pamoja, usoni kwa uso.

Weka ndoo yenye mfereji na sabuni getini, na nyingine karibu na kikapu cha tano. Mkipungukiwa na pesa, kibuyu chirizi kinatosha. Sanitaiza iwepo, ila isubiriwe ikauke. Ile yenye gliserini nyingi huacha utelezi, na nimeona mtupo wa kwanza wa siku ukiishia juu ya paa la jikoni.

Chai na mandazi vifungwe kimoja kimoja, mtu achukue akale mbali. Zawadi zitangazwe kwenye WhatsApp jioni, washindi wazichukue mmoja mmoja siku nyingine. Inauma, najua. Mashindano bila picha ya kikombe ni kama harusi bila keki. Pigeni picha ya mshindi peke yake chini ya mti.

Mwisho, mwalimu mkuu atauliza: mgonjwa akipatikana baadaye? Uwe na orodha ya majina, namba za simu, kundi la kila mtu na saa aliyoondoka. Aiweke mtu mmoja tu. Kukipita wiki tatu bila tatizo, ifutwe. Hizo ni habari za watu, na tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

SWALI: Shangazi, wachezaji wetu wanatoka Kitengela na Thika. Tuwakodie matatu moja ya kuwaleta wote? – Katibu, Rongai

JIBU: Mtakuwa mmejenga lile darasa langu, safari hii likiwa na magurudumu. Mwaka 2020 matatu za abiria 14 ziliruhusiwa kubeba wanane, na sababu ni hiyo. Kama hamna njia nyingine, fanyeni wanane, madirisha wazi hata kukiwa na baridi, barakoa puani si kidevuni, na muziki uwe wa chini ili watu wasilazimike kupayuka. Wanaopanda pamoja wapangwe kucheza wao kwa wao, tusichanganye pumzi mara mbili.

SWALI: Ada yetu ni shilingi 500 na tumeandika "hairudishwi". Kuna ubaya? – Mweka hazina, Kasarani

JIBU: Upo, na mkubwa. Tarehe 26 Machi 2021 kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa, na aliyekuwa Nyeri hakuweza kuingia. Mchezaji wa aina hiyo amekukosea nini? Baya zaidi, mtu mwenye homa aliyelipa 500 zisizorudi atameza Panadol na kuja kucheza. Rudisha zote kwa atakayesema anaumwa, hata akikuambia asubuhi ya siku yenyewe, na usimwombe barua ya daktari. Gharama ya kutuma iwe juu yenu.