Injini ya ndege ya modeli inazima ikipanda: anza na tangi
Umeuliza kwa nini injini ya ndege yako ya modeli, ya glo .46 (huwaka kwa plagi ya glo; ujazo wake ni inchi 0.46 za ujazo), uliyoifunga juzi, inazima kila ndege inapoinua pua. Usiguse kwanza sindano ya kabureta, yaani skrubu inayopima mafuta. Mstari wa katikati ya tangi uwe sawa na sindano, au chini yake kwa milimita 6 hadi 10. Likikaa chini zaidi, ndege ikipanda mafuta yanapungua, injini inachemka na kuzima. Kizito cha kunyonyea, kilicho mwishoni mwa mpira wa mafuta ndani ya tangi, kicheze huru bila kugusa ukuta wa nyuma. Lizungushie tangi sponji; mtikisiko huleta povu, na povu ni hewa kwenye mpira wa mafuta. Kagua pia mpira wa shinikizo utokao kwenye mafla (bomba la moshi) kwenda kwenye tangi, usiwe na ufa.

Ukiifungua injini, paka epoksi ubao unaoibeba, hata ndani ya matundu ya boliti. Ubao ukinywa mafuta hulainika, boliti zikalegea.