Jibu: Majaribio ya jikoni ya Krismasi kwa watoto wadogo

Dada, umeuliza ufanye nini jikoni na watoto wa miaka 4 na 6 likizo hii ya Krismasi bila kununua vifaa. Anza na manjano, yale ya unga tunayotia kwenye mchuzi. Hapa Jinja nimefanya na wangu wawili, na ndilo jaribio walilolipenda kuliko yote.

Koroga vijiko 2 vya manjano katika maji ya moto kidogo. Yakipoa, watoto wapake karatasi nyeupe, kisha ianikeni juani mpaka ikauke kabisa. Lowesha kipande cha sabuni ya kufulia, mtoto achovye kijiti cha pamba kwenye maji yake na kuchora nyota. Mstari unageuka mwekundu papo hapo! Manjano yana rangi inayobadilika ikikutana na besi, yaani kinyume cha asidi, na sabuni ni besi. Kisha mpe ndimu: tone moja la asidi yake linarudisha unjano. Mwache arudie hata mara 10, usimharakishe, maana hapo ndipo anapoanza kubahatisha kitakachotokea. Karatasi hizo zikawa kadi za bibi yao.

Wavalishe nguo kuukuu, doa la manjano ni gumu kutoka. Sabuni isiwafikie machoni.

Siku nyingine tia siki kwenye chupa, soda ya kuokea ndani ya puto, livike mdomoni mwa chupa uliinue ili soda imwagikie kwenye siki. Gesi ya kabonidayoksaidi italijaza lenyewe, nanyi mmepata pambo la sebuleni.